Chumba cha Kulala Karibu na Stesheni ya Kampala

Wanafunzi wenzangu, nanyi kaka zetu mliokwisha maliza masomo hapa,

Kila mwaka baadhi yetu hupanda basi hapa Bukoba, huvuka mpaka Mutukula, na kufika Kampala jioni. Mmoja aenda kutafuta nafasi Chuo Kikuu cha Makerere, mwingine aenda kumuuguza ndugu, wa tatu aenda kununua bidhaa za duka la baba yake. Wasio na jamaa wa kuwapokea wana shida moja wafikapo, nayo ni mahali pa kulala. Mwezi wa Desemba nilikwenda huko na babu yangu, ambaye alitakiwa kutazamwa macho hospitalini, tukalala siku tatu katika nyumba ya wageni iliyo karibu na stesheni ya reli. Nimeyaandika niliyojifunza, pamoja na habari za mji nilizozisoma, ili mwenzangu atakayekwenda kesho asiende gizani.

Sehemu ya Kwanza: Kwa nini vyumba vya bei nafuu vipo mahali hapo?

Mtu aweza kudhani kwamba nyumba hizi zimejengwa ovyo ovyo. Sivyo. Zina historia, nayo yaanza na reli.

Reli iliyotoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Kwa muda wa miaka thelathini hivi abiria wa Kampala alishuka garimoshi Kisumu, akapanda meli hadi Port Bell, ndipo akaingia mjini. Mwaka 1931 njia ilikamilika kupitia Tororo na daraja la mto Nile pale Jinja, na garimoshi likafika Kampala lenyewe. Mwaka 1956 njia ilifikishwa Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Tangu mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika ya Mashariki, na meli za shirika hilo zilizunguka ziwa zima. Ndiyo maana wazee wetu wa Bukoba waliijua Kampala: walipanda meli hapa wakashuka Port Bell.

Sasa fikirini mambo ya garimoshi. Garimoshi lina saa zake, wala halimngoji mtu. Msafiri anayeondoka alfajiri hawezi kulala mbali, na anayefika usiku na mzigo kichwani hawezi kutembea mbali. Kwa hiyo popote penye stesheni kubwa hutokea wachukuzi, wauza chakula, na wenye vyumba. Mwenye nyumba wa mahali hapo auza vitu viwili kwa pamoja: kitanda na ukaribu.

Kampala ilikuwa na sababu nyingine tena. Wakati wa ukoloni palikuwa na miji miwili iliyoshikana. Mmoja ulitawaliwa na Serikali ya Waingereza, wenye maduka, ofisi na hoteli kubwa za Nakasero. Mwingine uliitwa Kibuga, nao ulikuwa chini ya Serikali ya Buganda pale Mengo. Katika Kibuga, ardhi nyingi ilikuwa ya watu binafsi waliogawiwa kufuata Mapatano ya 1900, na wenye ardhi waliwapangisha wageni vyumba vidogo. Katika bonde la Kisenyi walikaa watu wa makabila mengi waliokuja kutafuta kazi. Wataalamu wawili, Southall na Gutkind, walichunguza maisha ya Kisenyi na Mulago, wakachapisha kitabu chao katika miaka ya 1950. Msafiri wa daraja la tatu hakuwa na mahali katika hoteli za Nakasero. Alishuka garimoshini akateremka bondeni kutafuta chumba cha kiasi chake.

Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya zamani ilivunjika mwaka 1977, na shirika la reli likagawanyika. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 magarimoshi ya abiria ya Uganda yalikuwa yamekoma. Mwezi wa Desemba 2015 lilianzishwa garimoshi la abiria la kwenda Namanve, kwa ajili ya wafanyakazi wa mjini, ingawa nalo limewahi kusimamishwa ili njia itengenezwe. Je, nyumba za wageni zilifungwa? Hazikufungwa, kwa sababu vituo vya mabasi na vya teksi (yaani zile gari ndogo za abiria ambazo Kenya huitwa matatu) viko mwendo mfupi kutoka hapo. Abiria wa basi alichukua nafasi ya abiria wa garimoshi.

Sehemu ya Pili: Hesabu ya chumba

Tulifika Jumatatu, saa kumi na mbili jioni. Kabla hatujashusha mizigo kijana mmoja alitushika mkono akisema ajua chumba kizuri. Babu alimshukuru akamwambia tuna mwenyeji. Fahamuni kwamba anayekupeleka hulipwa na mwenye nyumba, na malipo yake yamo katika bei utakayotajiwa.

Tulikuwa na njia tatu, nami nazieleza kama hesabu ya darasani.

Ya kwanza ni nyumba ya pembeni ya mji, ambayo mtu wa kwetu alitusifia. Bei yake ni shilingi 25,000 za Uganda kwa usiku. Lakini nauli ya kuingia mjini ilikuwa 3,000 kwa mtu mmoja. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni 12,000. Jumla kwa siku ni 37,000, bila kuhesabu saa zinazopotea katika msongamano wa magari.

Ya pili ni nyumba iliyo karibu na stesheni, kwa 30,000. Karani alitaka fedha kabla ya kutuonyesha chumba. Tulipokataa alituonyesha. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, na ngazi hazikuwa na taa wala mahali pa kushika. Babu alipanda akipapasa kila kidato kwa mguu. Tulipofika juu alikuwa anatetemeka, lakini alisema, “Chukua hapa, mjukuu wangu. Fedha ni chache.”

Ya tatu ilikuwa mtaa huo huo, kwa 45,000. Chumba kilikuwa ghorofa ya kwanza, ngazi zilikuwa pana, zenye taa na chuma cha kushika.

Kwa siku tatu, nyumba ya tatu ilizidi ya pili kwa shilingi 45,000, na hizo kwetu si fedha kidogo. Nilimwambia babu kwamba tumekuja kwa ajili ya macho yake, na kwamba ngazi zile atazipanda akiwa na jicho moja limefungwa. Alinyamaza kidogo, akasema, “Haya, basi. Lakini tutakula chakula cha njiani.” Tukafanya hivyo. Asubuhi tulikula chapati iliyoviringishwa na mayai, ambayo wenyeji huiita rolex, na jioni matoke kwa mchuzi wa karanga.

Kanuni ninayowapa ni hii: pimeni chumba kwa yule aliye dhaifu kuliko wote miongoni mwenu. Kama ni mtoto, tazameni dirisha. Kama ni mgonjwa, tazameni umbali wa choo. Kama ni mzee, tazameni ngazi. Bei itazameni baada ya hayo, na muihesabu pamoja na nauli.

Sehemu ya Tatu: Mambo ya kutazama kabla ya kulipa

1. Mlango. Fungeni na kufungua kwa mikono yenu wenyewe. Pawe na komeo kwa ndani, maana ufunguo wa chumba aweza kuwa nao mtu mwingine.

2. Njia ya kutokea. Madirisha mengi yana nondo ili wezi wasiingie, lakini moto ukitokea nondo hizo humzuia mwenye chumba asitoke. Jueni ngazi ya pili iko wapi. Kama haipo, ombeni chumba cha chini zaidi.

3. Mahali ilipo nyumba. Maji ya vilima vya Kampala huteremkia mfereji wa Nakivubo, na mvua kubwa zikinyesha sehemu za bondeni hufurika. Wakati wa masika na wa vuli msikubali chumba cha chini kabisa katika bonde hilo.

4. Chandarua. Kitandazeni mkitazame kama kina matundu. Malaria haiulizi kama umelipa nyingi au kidogo.

5. Maji na choo. Fungueni bomba. Mkiambiwa maji huja kwa saa fulani, ombeni ndoo mapema.

6. Kelele. Ulizeni kama chini kuna baa, na kama vyumba hukodishwa kwa saa. Nyumba inayokodisha kwa saa, milango yake hufunguliwa na kufungwa usiku kucha.

7. Saa ya kuondoka. Nyumba nyingine huhesabu siku mpya kuanzia saa nne asubuhi. Ulizeni kabla, ili msilipe usiku ambao hamkulala.

8. Stakabadhi. Fedha au hati ya kusafiria ikiwekwa kwa karani, pawe na maandishi. Sisi fedha za matibabu tuliziweka mahali pawili, nusu kwangu na nusu kwa babu, wala hatukuzihesabu mbele ya watu.

Sehemu ya Nne: Mambo yalivyokuwa

Sitawadanganya kwamba tulilala vizuri. Muziki wa baa ya jirani uliendelea hadi saa nane usiku, na saa kumi wapiga debe wa teksi walianza kuita abiria. Babu aliketi kitandani akasema, “Watu hawa hawalali, nasi tumelipia kulala.” Usiku wa pili nilimtengenezea pamba za masikioni.

Karani alikuwa mama wa makamo. Nilimsalimu kwa Kiswahili naye akajibu, lakini babu alimsalimu kwa Kihaya, naye akacheka, kwa kuwa Kihaya na Kiganda ni lugha za jamaa moja. Tangu hapo alimwita babu jjajja, yaani babu, na kila tulipotoka alimwuliza habari za macho. Salamu haipunguzi bei ya chumba, lakini mgeni anayejulikana kwa jina hutazamwa.

Jumanne daktari alimpima babu akaona mtoto wa jicho. Jumatano alipasuliwa jicho la kulia, tukarudi jioni jicho limefungwa kwa bandeji. Tulipofika mlangoni umeme ulikatika mtaa mzima. Jicho la kushoto la babu lilikuwa likiona ukungu tu. Yule mama alikuja na taa, akatangulia mbele, nami nikawa nyuma. Babu alishika kile chuma cha ngazi kwa mkono wa kulia akapanda polepole mpaka chumbani. Daktari alikuwa amemkataza asijikwae, asiiname, wala asinyanyue kitu kizito. Nilipokuwa nyuma yake niliikumbuka ngazi ya ile nyumba ya 30,000, ambayo haikuwa na taa wala chuma.

Alhamisi asubuhi bandeji iliondolewa. Kabla ya kwenda kituo cha mabasi babu aliomba tupite stesheni, ambayo hakuwa ameiona tangu ujana wake. Alisimama upande wa pili wa barabara, akafumba jicho la kushoto, akalitazama jengo kwa lile la kulia. Alinionyesha palipokuwa pakikaa wachukuzi, na njia aliyoteremkia kutafuta chumba miaka ile. Nilimwuliza, “Mlilipa kiasi gani, babu?” Akasema amesahau bei, lakini akumbuka kwamba walilala watu sita, na kwamba mlango haukuwa na komeo.

Ndugu zangu, asiwadharau mtu kwa kulala katika nyumba ya bei nafuu. Wengi waliosoma, waliotibiwa na waliofanya biashara katika mji ule walilala humo. Ila ingieni mkiwa na macho, hasa mkimwongoza asiyeona.

Maswali ya kujipima

1. Eleza sababu mbili zilizofanya vyumba vya bei nafuu viwe karibu na stesheni ya Kampala.

2. Kwa nini nyumba hizo hazikufungwa magarimoshi ya abiria yalipokoma?

3. Watu watatu wanakwenda Kampala kwa siku nne. Chumba cha pembeni ni shilingi 28,000 kwa usiku, na nauli ni 3,000 kwa mtu kila safari, wakienda mjini na kurudi mara moja kwa siku. Chumba cha karibu na kituo ni 48,000. Kipi ni nafuu, na kwa kiasi gani?

4. Unamsindikiza mama mwenye mtoto mchanga. Katika yale mambo manane, taja matatu utakayoyatazama kwanza, na sababu zake.