Istilahi za Undugu katika Tafsiri za Vitabu vya Watoto: Kutoka Kihindi hadi Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili tafsiri za vitabu vya watoto wadogo vinavyosambazwa kwa kompyuta na simu. Hoja kuu ni kwamba mashine hufikisha matini na picha, lakini utamaduni hufikishwa na lugha. Aidha, tafsiri inayopitia lugha ya tatu huweza kufuta hata mambo ambayo tamaduni mbili zinafanana. Mifano imetolewa katika Kihindi na Kiswahili. Kiswahili kimekopa kutoka lugha za Bara Hindi maneno kama gari, laki na chapati. Hivyo, mtoto wa Afrika Mashariki hakutani na mgeni kabisa.

2.0 Vitabu Vilivyovuka Bahari

Mwaka 2014 taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ilianzisha African Storybook, maktaba ya kielektroniki ya hadithi za watoto katika lugha za Kiafrika. Mwaka 2015 shirika la Pratham Books la Bengaluru, India, lilianzisha StoryWeaver. Hadithi hizi hutolewa kwa leseni huria: mtu yeyote anaweza kuzisoma, kuzitafsiri na kuzichapa bila kulipa, mradi awataje waliozitunga. Kiswahili ni miongoni mwa lugha za maktaba zote mbili.

Utaratibu huu umeondoa vikwazo viwili vya zamani, yaani gharama ya uchapaji na ruhusa ya mwenye hakimiliki. Kikwazo kilichobaki ni cha kiisimu. Mtafsiri wa Kiswahili asiyejua Kihindi hulazimika kutegemea matini ya Kiingereza, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

3.0 Istilahi za Undugu

Kihindi humwita ndugu wa kiume wa mama *mama*, mdogo wa kiume wa baba *chacha*, na kaka mkubwa wa baba *tau*. Kiswahili nacho kina mjomba, baba mdogo (au ami, katika baadhi ya sehemu za pwani) na baba mkubwa. Kiingereza huwajumuisha wote watatu katika neno moja, *uncle*. Ichukuliwe sentensi ifuatayo ya Kihindi:

(1) Chacha aur mama aaye.

Ikipitia Kiingereza, ambako watu hao wawili wataitwa *uncles*, sentensi hiyo huweza kumfikia mtoto hivi:

(2) Wajomba wawili walifika.

Ikitafsiriwa moja kwa moja, itakuwa hivi:

(3) Baba mdogo na mjomba walifika.

Sentensi ya (2) ina kosa la maana, kwani mmoja wa wageni ni wa upande wa baba. Lakini hasara kubwa zaidi ni ya kiutamaduni. Mtoto ananyimwa nafasi ya kugundua kwamba mwenzake wa ng'ambo ya bahari huwapanga ndugu zake karibu kama yeye. Jambo hili lina uzito zaidi sasa, wakati ambapo neno anko linaenea mijini na kufifisha tofauti hizo katika Kiswahili chenyewe.

Kuliacha neno la Kihindi bila maelezo nako si suluhisho. Mtoto atakayesikia "Mama alifika" huku picha ikionyesha mwanamume mwenye masharubu atachanganyikiwa. Hali ni hiyo hiyo kwa *dada*, ambalo katika Kihindi ni babu mzaa baba.

Kwa upande mwingine, zipo tofauti ambazo Kiswahili hakina. Kihindi hutenganisha *nani*, bibi mzaa mama, na *dadi*, bibi mzaa baba. Mtafsiri wa Kihindi anayepokea hadithi ya Kiswahili yenye neno bibi hawezi kuendelea bila kujua ni bibi wa upande gani.

4.0 Neno Moja, Vitu Viwili

Maneno ya mkopo nayo yanahitaji uangalifu. Chapati ya Afrika Mashariki kwa kawaida hupakwa mafuta, hukunjwa, husukumwa na kukaangwa. Chapati ya kila siku ya kaskazini mwa India huokwa juu ya chuma kikavu. Neno ni moja, chakula si kile kile. Mtafsiri asilibadili neno. Mwalimu anayewasomea watoto awaelekeze kwenye picha na kuwauliza kinachotofautiana na cha nyumbani. Swali hilo ndilo somo la utamaduni.

5.0 Hitimisho

Mjadala huu unatoa mapendekezo matatu. Kwanza, mtafsiri anayetumia matini ya Kiingereza amtafute msemaji wa lugha chanzi na kumwuliza angalau kuhusu istilahi za undugu, vyakula na maamkizi. Pili, kila hadithi ya Kiswahili inayowekwa katika maktaba hizi iambatane na maelezo mafupi kwa watafsiri, yakieleza, kwa mfano, bibi anayetajwa ni mzaa nani. Tatu, idara za Kiswahili na za lugha za Asia zishirikiane kuandaa faharasa za lugha mbili zisizopitia Kiingereza.

Yasipofanyika hayo, mtoto atauona ulimwengu wote kupitia dirisha la lugha moja na kudhani kwamba ndivyo ulivyo. Yakifanyika, Kiswahili hakitakuwa lugha ya kupokea tu, bali pia ya kutoa; na mtoto wa Bengaluru atamjua baba mdogo wa mtoto wa Tanga kwa jina linalomstahili.