Je, pampu ya dripu inajua wewe ni nani?

Ukienda kumjulia hali mgonjwa aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, utaona kando ya kitanda kijisanduku kilichofungwa kwenye mlingoti wa dripu, kikimulika nambari na kulia mara kwa mara. Hiyo ni pampu. Kazi yake ni kusukuma maji au dawa ndani ya mshipa kwa kadiri ile ile iliyoamriwa.

Zamani, na hata leo katika wodi zetu nyingi, kazi hiyo ni ya macho ya muuguzi. Daktari akiagiza lita moja ya maji iingie kwa muda wa saa nane, hiyo ni mililita 125 kwa saa. Ikiwa mpira ni wa matone 20 kwa mililita, muuguzi hutazama saa yake na kuhesabu matone kama 42 kwa dakika. Mgonjwa akikunja mkono, hesabu yote inavurugika. Pampu haihitaji kuhesabiwa matone, na mpira ukizibana hupiga kelele.

Pampu za kisasa zimeunganishwa na mtandao wa hospitali. Kompyuta huipelekea pampu amri ya daktari, na pampu nayo huirudishia kompyuta habari ya dawa iliyoingia. Hapo ndipo penye jambo ninalotaka tulizungumze leo. Jina lako, nambari yako, uzito wako na kipimo cha dawa yako sasa vinakaa mahali kadhaa kwa wakati mmoja: kwenye utepe uliofungwa mkononi mwako, kwenye faili, kwenye kompyuta na ndani ya pampu. Je, vikitofautiana?

Acha nikusimulie kisa nilichokiona mwenyewe miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mwanamume mmoja mgonjwa wa kisukari, mwenye uzito wa kilo 90, alikuwa akipewa insulini kwa pampu. Alipopata nafuu kidogo alihamishiwa wodi nyingine, na pampu ikabaki. Usiku huo akaletwa mama mmoja, naye sukari imempanda vibaya. Uzito wake ulikuwa kilo 60. Muuguzi alipoiwasha pampu, iliuliza kama huyu ni mgonjwa mpya. Kwa haraka, na wodi imejaa, akabonyeza kitufe cha kukataa.

Tazama kilichofuata. Kipimo cha kawaida cha kuanzia kwa mgonjwa wa namna hiyo ni sehemu moja ya kumi ya yuniti kwa kila kilo, kila saa. Mama alistahili yuniti sita kwa saa. Pampu, ikidhani bado inamhudumia yule bwana, ilimpa tisa. Wala haikulia hata mara moja, kwa sababu yuniti tisa si kipimo cha ajabu kwa mtu wa kilo 90.

Kosa la pili lilikuwa la kimya zaidi. Niliitwa saa tisa za usiku. Nilifungua faili ya mama kwenye kompyuta nikaona hajapewa insulini hata tone. Nilikuwa nimeshaanza kuandika amri ya yuniti sita kwa saa. Jambo lililonizuia ni kwamba sukari yake ilikuwa ikishuka, na kwa kasi. Nikaenda kitandani, nikakuta pampu inazunguka. Habari zote za insulini yake zilikuwa zimeingia katika faili ya yule mwanamume. Kama ningemalizia amri yangu, mama angepata yuniti 15 kwa saa. Insulini nyingi namna hiyo huangusha sukari ya damu hadi ubongo ukakosa chakula, na huishusha potasiamu, madini ambayo moyo hauwezi kupiga sawasawa bila ya kiasi chake. Na daktari wa ile wodi nyingine alikuwa akisoma kwamba mgonjwa wake anapokea insulini ambayo hakuipokea.

Nilimlaumu muuguzi kwanza. Baadaye niliona lawama hiyo ni ya haraka kama kile kitufe chenyewe. Kati ya mwaka 2005 na 2009, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa, FDA, ilipokea ripoti kama 56,000 za madhara yaliyohusishwa na pampu hizi, vikiwemo vifo, na watengenezaji wakalazimika kutoa ilani 87 za kuzirudisha au kuzirekebisha. Programu mbovu na maandishi ya kutatanisha kwenye kioo yalikuwa miongoni mwa sababu.

Kwa maoni yangu, dawa ya ugonjwa huu ni kila habari kuwa na mwenyewe mmoja. Kuhusu mtu huyu ni nani, utepe wa mkononi ndio wenye neno. Kuhusu dawa iliyoamriwa, ni kompyuta. Kuhusu dawa iliyoingia mwilini hasa, ni pampu. Ndiyo maana hospitali zilizojipanga humulika kwa mashine ile mistari myeusi, kama ya bidhaa za supamaketi, kwenye utepe, kwenye mfuko wa dawa na kwenye pampu, kabla tone la kwanza halijaingia; na mgonjwa akihama, pampu hutenganishwa naye papo hapo.

Mtandao ukikatika, pampu huendelea na amri ya mwisho na kuhifadhi kumbukumbu ili izipeleke baadaye. Hapo saa ya pampu ni muhimu: ikiwa nyuma kwa saa moja, faili itaonyesha dawa ilitolewa kabla ya damu kupimwa. (Nasi tuna saa zetu. Jamaa akisema mgonjwa alidungwa saa mbili, mashine inaelewa saa nane za usiku!) Vilevile, baadhi ya pampu hazianzi kutumia orodha mpya ya vipimo vya dawa mpaka zizimwe na kuwashwa tena, kwa hiyo pampu mbili katika wodi moja zaweza kuwa na mipaka tofauti.

Wewe ufanye nini? Usiguse vitufe, hata kelele zikikuudhi, mwite muuguzi. Mgonjwa wako akihamishwa au akibadilishiwa pampu, uliza kwa adabu kama jina na uzito vimeangaliwa upya. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona habari zako na kutaka zilizo na makosa zisahihishwe, zikiwemo za hospitali. Na ukiulizwa uzito wa mgonjwa nawe huujui, usikisie. Sema hujui, apimwe.