Kiwiko cha Mtoto Kikiteguka



Huku kwetu Endamarariek watoto huanguka kila siku: kutoka juu ya punda wakienda kuchota maji, kwenye mkokoteni wa ng'ombe au juu ya mti. Mtoto anapoanguka hutanguliza mkono, na uzito wote huishia kwenye kiwiko. Mwezi huu tujifunze juu ya kiwiko kilichoteguka.

Je, hutokea mara nyingi?
Hapana. Kano zinazoshika kiwiko cha mtoto zina nguvu kuliko mfupa wake unaokua. Kwa hiyo mara nyingi mfupa huvunjika kwanza, juu kidogo ya kiwiko. Na kiwiko kikiteguka kweli, mara nyingi kipande cha mfupa wa upande wa ndani huwa kimebanduka pia.

Tunatambuaje?
Mtoto ana maumivu makali, kiwiko kimevimba na umbo lake limebadilika. Hospitalini tunapapasa ncha tatu za mifupa ambazo, mkono ukikunjwa, hufanya pembetatu. Kiwiko kikiteguka, pembetatu hiyo huharibika. Mfupa ukivunjika juu yake, kwa kawaida hubaki. Kisha tunapiga eksirei. Sehemu za mifupa ya mtoto bado ni gegedu, hazionekani kwenye picha; ndiyo maana pengine tunapiga na mkono usioumia ili tulinganishe.

Mfanye nini nyumbani?
1. Msivute wala msikande. Kuvuta huweza kuumiza mshipa mkubwa wa damu na neva. Kukanda huzidisha uvimbe, na huweza kuotesha mfupa ndani ya msuli, mkono ukakakamaa.
2. Acheni mkono ulivyo, muushikize kwa kanga bila kukaza. Msifunge vijiti.
3. Vueni bangili na nyuzi.
4. Msimpe chakula wala chai; huenda akahitaji dawa ya usingizi.
5. Angalieni vidole, na tena njiani. Vikiwa vya baridi, vimepauka, vina ganzi, au mtoto analia sana vikinyoshwa, hiyo ni dharura. Misuli huanza kufa baada ya saa chache.

Matibabu
Mtoto hupewa dawa ya usingizi, kiwiko hurudishwa, na picha hupigwa tena kuona kama kipande cha mfupa kimenasa ndani. Kikinasa, hutolewa kwa upasuaji. Mkono hukaa kwenye gango wiki 2 hadi 3, kisha mtoto aukunje na kuunyosha mwenyewe, bila kulazimishwa.

Wadogo wa mwaka 1 hadi 4
Mtoto aliyevutwa mkono ghafla, akaacha kuutumia ingawa haukuvimba, ana tatizo jingine lililo jepesi na la kawaida. Tunalirudisha kwa dakika chache. Msimnyanyue mtoto kwa mkono mmoja.

Tunajua mkandaji yuko jirani na hospitali iko mbali, hasa barabara ikijaa tope. Lakini kiwiko kilichokaa nje wiki 3 mara nyingi hakirudi bila upasuaji, na hata hapo huenda mkono usinyoke tena kama zamani. Mleteni siku ile ile. Mkono huo ndio atakaoshikia kalamu na jembe.