Kupiga Video Juani: Somo Nililolipata Marafa

Wengi mmeniuliza namna ya kupiga video kwa kamera ya DSLR. Nitawaeleza, ingawa mimi mwenyewe nilijua baada ya kuharibu.

Likizo iliyopita nilimpeleka bibi yangu Marafa, kaskazini mwa Malindi, anisimulie kisa cha bonde la Nyari: jinsi matajiri wa huko walivyooga maziwa, hata Mungu akaididimiza ardhi yao. Nilimsimamisha ukingoni saa sita mchana, bonde jekundu na jeupe likiwa nyuma yake, nami nikaiachia kamera ijipangie yenyewe. Kufika nyumbani, lo! Bonde linapendeza, bibi ni kivuli kitupu. Tena kila alipoinua mkono, kamera iliuacha uso ikaufuata mkono. Nikamwomba turudi. "Mjukuu wangu," akasema, "magoti haya hayaendi tena Marafa."

Kamera haimjui bibi. Yenyewe hupima mwanga wote iuonao, na miamba myeupe ikizidi, hutia giza picha nzima. Kwa hiyo weka gurudumu kwenye M. Sogea mpaka uso ujaze kioo, pima hapo, kisha rudi nyuma. Kwa ngozi zetu nyeusi, mshale ukae hatua moja hivi chini ya sifuri.

Shata iwe 1/50 ukipiga picha 25 kwa sekunde. Ukiiharakisha sana, mwendo hukatikakatika. Tena umeme wa Kenya ni wa hezi 50, basi hata chini ya taa za tyubu darasani picha haitapepesa. ISO, ukiwa nje, 100.

Limebaki tundu la lenzi, na hapa ndipo penye kazi, bwana. Kwa jua kali la mchana, vipimo hivyo vyataka f/22 hivi, na kwa f/22 bibi na bonde huonekana wazi sawasawa, jicho halijui litazame wapi. Ukitaka f/4 ili nyuma pafifie, mwanga utaingia mara 32 zaidi. Lazima uivishe lenzi miwani ya jua, yaani kichujio cha ND32. Mimi sikuwa na pesa za kichujio. Nilimkalisha bibi chini ya mwembe wetu saa kumi na moja jioni, na f/4 ikatosha.

Fokasi nayo usiiachie kamera. Zima ile ya kujiendesha, kuza picha kiooni mara 10, zungusha pete mpaka uhesabu kope za msimulizi, ndipo urekodi. Baada ya hapo asisogee mbele wala nyuma, maana tundu likiwa wazi, akiinama kidogo tu amefifia.

Safari hii uso ulitoka vizuri, kila kunjo. Bonde nitakwenda kulipiga peke yangu. Bibi alipojiona alicheka sana, kisha akauliza mbona nilimkataza kuinuka kitini kama mtoto wa darasa la kwanza.