SOMO LA MAFURIKO: VINU VIDOGO VINGI, DAFTARI MOJA

Mto Tana ukivunja kingo zake, mkazi wa Kulesa anaweza kuwa na mpunga ndani na bado akakosa wali. Mpunga haujakobolewa, na njia ya kwenda kwenye mashine imefunikwa na maji. Shida hapo ni kutegemea mahali pamoja na njia moja.

Bonde la Mto Tana limeyaona hayo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliharibu miundombinu ya mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA, na kilimo hicho kikasimama kwa miaka. Mwishoni mwa 2023, mafuriko yaliikata barabara kati ya Madogo na Garissa, malori yakakwama.

Dawa mojawapo ni kugawa kazi. Mwaka 2020, Korona ilipofanya barakoa za kutoka nje kuwa adimu, kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui, KICOTEC, kilizishona hapa nchini, sawa na Rivatex ya Eldoret. Shirika la Viwango, KEBS, lilitoa vipimo vya barakoa, kwa hiyo washonaji walio mbalimbali waliweza kufuata mwongozo mmoja.

Mpunga nao ni vivyo hivyo. Mashine ndogo ikiwa Kulesa, nyingine Wema na nyingine Garsen, maji yakizingira moja, mbili zinaendelea. Vikundi vikinunua mashine za aina moja, vinaweza pia kuazimana mkanda au chujio. Vipuri ni mzigo mwepesi kuliko magunia ishirini.

Lakini vinu vilivyotawanyika vina udhaifu wake: hakuna anayejua mwenzake ana nini. Huyu anaandika "magunia kumi", yule "madebe", mwingine "gorogoro". Gunia la mahindi huhesabiwa kilo 90, ila likijazwa kwa kilemba huzidi. Mpunga nao si mchele: kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 65 za mchele. Kwa hesabu za namna hiyo, msaada unaweza kupelekwa penye akiba na kukosa kufika penye njaa.

Kila ghala na liandike mambo matano, kwa mpangilio uleule:

1. Mahali.
2. Tarehe: siku, mwezi, mwaka.
3. Aina: mpunga, mchele au mahindi.
4. Uzito kwa kilo, baada ya kupimwa kwenye mizani.
5. Unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi hakizidi asilimia 13.5, yakiwa na unyevu zaidi hushika ukungu na sumukuvu.

Kabla ya masika, vikundi viwili vibadilishane ukurasa mmoja wa daftari. Msomaji akiweza kusema mwenzake ana kilo ngapi za nini bila kupiga simu, daftari limefaulu. Asipoweza, lirekebishwe wakati barabara ingali kavu.