Juu ya nini mwenye haki anateseka?

Kusoma: Zaburi 73, Luka 13:1-5



Wengi wetu tumesikia habari hii nyumbani. Kuanzia mwaka 2003 Gécamines iliachisha kazi watu zaidi ya 10 000, kwa feza za Benki ya Dunia. Wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mushahara. Ilisemwa kwamba waliondoka kwa mapenzi yao. Lakini mutu wa njaa iko na mapenzi gani? Watoto wengi waliacha masomo juu ya minervali.

Bamoja banasema: «Ule baba alikuwa na zambi», ao «Njo mapenzi ya Mungu.» Tuangalie Yesu. Watu 18 waliangukiwa na munara wa Siloamu. Yesu alisema hawakuwa na kosa kupita wakaaji wengine wa Yerusalema, kisha akaambia wasikilizaji watubu wao wenyewe. Basi tusipime zambi ya mwenzetu kwa musiba wake.

Tena, karatasi ya kuachisha kazi inatiwa sahihi na watu. Kazi ya mukono wa mutu tusiiite mapenzi ya Mungu. Asafu aliona waovu wananenepa, akamulilia Mungu wazi, na Mungu hakumufukuza.

Mwenzetu akirudishwa nyumbani juu ya minervali, tusimucheke. Tumupelekee kaye zetu anakili somo. Na siku tutakuwa wakubwa wa kazi, tukumbuke mushahara wa mutu.

Maswali:
1. Asafu alifahamu wakati gani? (Zab. 73:17)
2. Nani katika kilasi yetu hayuko leo, na juu ya nini?