Mdogo Wangu, Farasi 500 Utawakimbizia Wapi?

Haya mdogo wangu, vuta kiti, na hiyo simu iweke chini kidogo. Najua humo ndani kuna video ya gari linanguruma, moshi wa matairi umetanda, na umeirudia mpaka bando limekata. Siku hizi maswali mnayoniletea hayaishii kwenye uchumba na mawifi. Mnaniuliza, "Dada, nimedunduliza, nichukue Range Sport ya supachaja? Au nitafute Subaru ya turbo? Ile bei inaendana kweli na nguvu yake?" Wengine hamkuuliza mapema. Mmeshanunua, na mnaniandikia mkiwa gereji mnasubiri fundi arudi na spea.

Nianze kwa kukutoa aibu. Kupenda gari lenye nguvu si dhambi. Umekulia Tandika au Manzese, umegombea mlango wa daladala tangu uko na sare za shule, siku ukishika hela unataka mtaa mzima usikie unaingia. Hilo ni la kibinadamu, na wala hauko peke yako. Lakini wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kazi ya dada ni kukuonyesha kidonda kabla hujakifunika kwa suti.

Jua kwanza unachonunua. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini hiyohiyo, inaisukumia hewa ndani ya silinda kwa nguvu. Turbo nayo inasukuma hewa, ila inazungushwa na moshi unaotoka. Hewa ikizidi, na petroli inazidi, ndipo nguvu, ile tunayoihesabu kwa farasi, inapoongezeka. Kwa hiyo hakuna farasi wa bure hapo. Kila mmoja anakula, na mwenye kumlisha ni wewe.

Sasa wale vijana wa kwenye video wanaosema bei inaendana na nguvu wana hoja, siwanyimi. Dodge Challenger Hellcat ilipotoka kama gari la mwaka 2015, ilikuja na V8 ya lita 6.2, supachaja, farasi 707, kwa bei ya kuanzia dola 59,995 huko Marekani. Gawanya mwenyewe: kila farasi kama dola 85. Kwa Mmarekani mwenye barabara pana na uwanja wa mashindano jirani, hiyo ilikuwa bei nzuri kwa nguvu anayopata, magari mengi ya Ulaya ya mbio yasingemgusa. Ila hesabu ile ilipigwa kule. Usukani wake uko kushoto, spea zake hazipangwi kwenye maduka ya Gerezani, na dola zile zinapofika Bandari ya Dar es Salaam hazibaki zilezile.

Hapo ndipo wengi mnapoteleza. Mnaona bei kwenye mtandao wa Japan au Uingereza, moyo unadunda, mnasahau kodi ya TRA. Kwa viwango tulivyovizoea, gari dogo la kutembelea lina ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kama injini inazidi cc 2,000, halafu likipita miaka kumi linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu, na juu ya yote hayo VAT asilimia 18. Kodi inapanda juu ya kodi mwenzake. Kwa gari lenye yote hayo, kila shilingi 100 ya thamani lililofika nayo bandarini inakuwa zaidi ya 206 kabla hujaweka namba. Tena TRA ina kikokotoo chake cha thamani, haiangalii tu ile bei uliyobembelezana na muuzaji. Basi zile nguvu unazoambiwa ni za bei ya kutupa, hapa kwetu umezilipia mara mbili na bado hujaliwasha.

Tuje kwenye kuliwasha. Range Rover Sport ya V8 lita 5.0 yenye supachaja ina farasi 510. Vipimo vya Marekani vinaipa kama kilomita 5 kwa lita moja mjini. Sema unaishi Tegeta, unafanya kazi Posta, kwenda na kurudi kama kilomita 50. Hizo ni lita 10 kwa siku. Siku 26 za kazi, lita 260. Tuweke shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi: 780,000 kwa mwezi, na hujaenda harusini wala msibani. Jirani yako mwenye kigari kidogo kinachokwenda kilomita 12 kwa lita anatumia kama 325,000 kwa njia ileile, na kwenye foleni ya Mwenge mmesimama bega kwa bega. Yeye anasikiliza redio, wewe unaangalia mshale wa mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA ikitangaza bei mpya za mafuta, wewe ndiye unayelala vibaya.

Na niambie ukweli, hao farasi 510 utawakimbizia wapi? Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala? Asubuhi hata bodaboda anakupita, na basi la mwendokasi linapita kwenye njia yake wewe ukilitazama. Mitaa ya ndani ya Mwananyamala, Yombo au Tandale, ukitoka kwenye tuta unaingia kwenye shimo. Kwenye makazi mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na ukitoka kuelekea Morogoro vibao vya 50 vinakufuata kijiji hadi kijiji. Ukipigwa tochi ni 30,000. Unalipa bei ya gari la mbio, halafu unalipa faini ya kulikimbiza.

Usidhani gereji itakuonea huruma. Injini inayosukumiwa hewa inafanya kazi kwenye joto kubwa na mgandamizo mkubwa. Inataka oili sahihi, ibadilishwe kwa wakati, na mfumo wa kupoza ulio mzima. Ile tabia yetu ya kusema "fundi, ongezea kidogo tu, mwisho wa mwezi nitabadilisha" huku haipo. Hizo Range zina shokapu za upepo ambazo zikichoka gari linalala chini kama ngamia, na matoleo ya mwanzo ya ile injini ya 5.0 yanajulikana kwa kusumbua taiming cheni. Kosa moja la fundi wa kubahatisha linakula akiba ya mwaka. Na bima je? Bima kubwa kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, bado VAT. Gari la milioni 60 ni karibu milioni mbili na nusu kila mwaka. Wengi hapo mnashuka kwenye bima ndogo ya 118,000, mnasahau kuwa ile inamlipa uliyemgonga, wewe na gari lako hamumo.

Kinachoniumiza dada yako si chuma, ni yale yanayotokea nyumbani. Gari linafunikwa turubai kwa sababu mafuta hayapo. Ada ya mtoto inachelewa, unamwambia mwenzako mshahara umechelewa. Unapeleka kadi ya gari iwe dhamana, unaingia kwenye mikopo ya kausha damu, na simu ikiita jioni unaigeuza uso chini. Mwisho unampigia dalali yuleyule aliyekusifia uuze, naye anakwambia, "Bosi, hizi hazina soko." Na kweli hazina, maana kila mwenye akili anaogopa mafuta na spea zake. Mtu hujikuna ajipatapo, mdogo wangu. Umejikuna usipofikia, sasa unachubuka.

Na wewe binti unayecheka pembeni, hili linakuhusu. Usimpime mchumba kwa mngurumo wa gari lake. Muulize ana kiwanja wapi, na hiyo kadi ya gari iko kwake au kwa mkopeshaji.

Halafu kuna lile ambalo sitalizungusha. Nguvu ikikaa mguuni siku zote inatafuta pa kutokea, nayo hutokea usiku wa manane, barabara imekuwa nyeupe, umetoka kwenye starehe na marafiki wanakuchochea. Hapo ndipo mama anayeuza chipsi anavuka, au kijana wa bodaboda asiye na taa. Tamaa mbele, mauti nyuma. Faini utalipa usahau, lakini uso wa mtu uliyemgonga utaamka nao kila siku.

Sasa usiondoke umenuna ukasema dada hapendi vijana wafurahi. Kama moyo unataka gari lenye uhai, chukua Mark X au Crown ya V6 lita 2.5 isiyo na supachaja wala turbo. Ina farasi 200 na ushee, zaidi ya utakaowatumia kati ya Bunju na Mbagala, na mafundi wake wamejaa mjini. Itakunywa kuliko kigari kidogo kama IST, hilo lijue, lakini haitakufilisi. Na dalali akikwambia Mark X yake ni ya supachaja, usimeze. Ni kweli Toyota waliwahi kuwa na Mark X +M SuperCharger yenye farasi 360, lakini ile ni V6 ya lita 3.5. Soma kadi. Ikiandika cc 2,500 kasoro, hapo umeuziwa stika.

Pesa inayobaki weka kwenye matairi mapya na breki nzuri, ndivyo vinavyokurudisha kwa mama. Kama kiu yako ni mwendo wenyewe, nenda kaangalie mashindano ya magari kama Mkwawa Rally kule Iringa. Ongea na madereva, waone wanavyovaa kofia ngumu na kufungwa mikanda ndani ya gari lenye fremu ya chuma. Wale wanaupenda mwendo kuliko wewe, na hawaufanyii mazoezi Barabara ya Bagamoyo.

Na kama una nyumba, ada zimelipwa, akiba ipo, na unaweza kuliacha gari gereji miezi miwili bila kukopa hata senti, basi nunua hiyo supachaja yako, ufurahi, na mimi nitakupigia vigelegele. Ila iite anasa. Usiniletee habari ya kwamba ni bei nzuri kwa nguvu unayopata, kwa sababu nguvu usiyoweza kuitumia haina bei nzuri.

Hukumu yangu ndiyo hiyo. Kwa Kinondoni na Temeke tunazozijua, na mshahara tunaoujua, gari la supachaja la bei kubwa halilipi. Kabla hujatuma dola Japan, kaa na mwenzako, pigeni hesabu ya mafuta, bima na gereji ya mwaka mzima kwenye karatasi, msaini wote wawili. Mkimaliza mkaona bado mnalitaka, niandikieni. Lakini karatasi kwanza, mdogo wangu, dalali baadaye.